Fumbato

Nje kidogo ya Harlingen, Januari, saa tisa usiku.
Kioo cha dirisha kimeganda hadi katikati.
Huku ardhi iko chini kuliko bahari,
maji hayatoki kwa kuombwa;
pampu huyanyanyua, huyamwaga upande wa pili wa boma,
nayo pampu husikiliza mistari kumi na minne
aliyoiandika Sjoerd Terpstra bila neno moja la maelezo.

Wietske amevaa soksi mbili mbili.
Anasoma.

Funksheni ya nje inasema: kikomo ni sitini.
Ndani yake imelala funksheni nyingine.
Ya nje inamtoa ya ndani mlangoni, kisha inakwisha.
Imekwisha kweli. Hakuna mstari wake unaopumua.
Lakini mtoto ametoka na sitini kiganjani,
kaifumbata,
na kila dakika maji yakipimwa
anafungua vidole kidogo, anatazama, anavifunga.

Sjoerd alimchorea visanduku, kimoja ndani ya kingine,
juu ya karatasi iliyokuwa na jibini:
«Jina litafute kwako kwanza.
Hulioni, nenda kwa aliyekuzaa,
kisha kwa aliyemzaa huyo,
kisha uwanjani, linapoonwa na faili zima,
kisha kwa yale Python iliyozaliwa nayo.
Huko nako halipo? Sasa lia.
Wala usimtazame anayekuita.
Tazama ulikoandikwa.»

Tazama ulikoandikwa. Wiki nzima hakuielewa,
hadi Jumanne moja alipotengeneza ving'ora vitatu
vya malango matatu, kwa kitanzi kimoja,
na vyote vikapiga kelele: lango la tatu! lango la tatu!
ilhali lango la kwanza ndilo lililokuwa linavuja.
Havikufumbata namba. Vilifumbata jina,
na kitanzi kilipokoma
jina lilikuwa limesimama kwenye tatu.
Sjoerd alicheka mpaka akakohoa.
«Kila kimoja kipe namba yake mkononi
siku ile ile kinapozaliwa.»

Oktoba walimzika Franeker.

Usiku huu upepo unatoka kaskazini-magharibi,
na sitini haitoshi.
Wietske anaandika, ndani kabisa:
kikomo = kikomo + 5
na mashine inamkatalia:
hicho kikomo unachokisoma bado hukijaza.

Anakodoa macho. Mbona kipo? Kipo pale juu, kwa mzazi!
Kipo, ndiyo. Lakini ukiweka alama ya kujaza humu ndani,
hata kama ni mstari wa mwisho,
tangu mstari wa kwanza umejizalia kikomo chako,
wajina wake, mtupu,
na ukishakuwa na wako huruhusiwi kuchungulia wa mzazi.

Lipo neno moja la kuomba ruhusa: nonlocal.
Maana yake: sitaki changu, nataka kile kile.
Vidole vinasita juu yake.
Kusoma alichoacha mtu ni jambo moja.
Kukiandika upya ni jingine,
na sitini ile haina nakala,
haiko uwanjani, haiko kwenye daftari,
imo kiganjani mwa funksheni moja tu.

Maji yamepanda sentimita mbili alipokuwa akiwaza.
Analiandika.

Pampu inashusha sauti, kama mzee anayegeukia ukuta.
Wietske anafungua kiganja kwa amri ya kuchungulia,
seli ya kwanza, kilichomo:
65.

Anamimina kahawa iliyopoa.
Kesho fundi wa umeme atazima kila kitu kwa nusu saa,
kisha atawasha,
na funksheni ya nje itaitwa upya,
itaanza na sitini,
haijui lolote kuhusu usiku huu,
kana kwamba Sjoerd ndiyo kwanza anavua koti
na kuuliza nani kamaliza sukari.